Ukurasa Uliosomwa Mbele za Watu

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kama una sufuria jikoni, punguza moto, kisha uje ukae. Leo tunamkumbuka fundi lifti. Ndiyo, fundi lifti. Wewe ukibonyeza kitufe na mlango ukafunguka, huna habari na mtu. Lifti ikikwama ndipo unamtafuta, tena kwa maneno makali.

Wenzake walimwita Panda-Shuka. Hata mkewe alimwita hivyo, hasa akiwa amemuudhi. Panda-Shuka alifariki mwezi uliopita, nyumbani kwake, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa amestaafu. Ameacha mke na binti mmoja. Binti ni mwalimu, na ndiye aliyeniomba niwasimulie habari hii. Aliniambia niseme yote, hata yale yanayomuuma yeye. Nikamwuliza, "Mwanangu, una hakika?" Akasema anayo.

Panda-Shuka alikuwa mtu wa mizaha. Mtu akikwama ndani ya lifti, analia, anapiga mlango kwa viganja, yeye alikuwa akisogeza mdomo kwenye upenyo na kusema, "Usiende popote, nakuja." Aliyekwama anajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Kule juu, kwenye chumba cha mashine, penye joto na harufu ya grisi, alikuwa akiimba. Tena aliimba vibaya. Fundi mwenzake aliyefanya naye kazi miaka mingi anasema walimwomba sana aache, hakuacha.

Halafu ikatokea ajali. Mmoja wa mafundi wao alianguka kwenye shimo la lifti, akafa. Hakuwa amefunga mkanda wa usalama. Panda-Shuka ndiye aliyekuwa amemshikia tochi. Aliona kila kitu.

Wasikilizaji wapendwa, mtu anaweza kutoka kazini mzima na bado asifike nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa. Usingizi ulimkimbia. Kijiko kikianguka, anaruka na kufoka. Akaanza kupanda ngazi. Fundi lifti, anapanda ngazi hadi ghorofa ya juu kabisa, na mfuko wa vifaa begani! Watu walimcheka. Mkewe hakucheka.

Mkewe ndiye aliyemburuta kliniki. Huko wakamkuta mshauri nasaha, dada mmoja mpole lakini asiyeyumba. Dada akamwambia, pamoja na kuja hapa, kila jioni uandike. Andika kilichokuuma na ulivyojisikia. Usipambe, usifute. Na hayo si ya kusomwa na mtu.

Panda-Shuka akamjibu, "Dada yangu, mwandiko wangu hata mimi mwenyewe siusomi."

"Vizuri zaidi," dada akasema. "Andika hivyohivyo."

Akaandika. Kila jioni baada ya kula, kwenye meza ya jikoni, mkewe akiosha vyombo. Mwanzoni aliandika huku anasonya. Anabonyeza kalamu hadi karatasi inatoboka. "Nilikuwa nasikia anagombana na daftari," mkewe aliniambia. "Nikasema moyoni, heri agombane na hilo kuliko kugombana na sisi."

Haikuwa muujiza, naomba hili lieleweke. Kliniki aliendelea kwenda. Ila kila alichokiandika jioni kilikuwa hakimfuati sana kitandani. Akaanza kulala. Akaanza kula akamaliza sahani. Siku moja alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni hajavua hata viatu, akasema, "Mama, leo nimepanda lifti." Mkewe akaacha kila alichokuwa anafanya. Akalia. Na kule kwenye chumba cha mashine mafundi wakaanza tena kulalamikia nyimbo zake.

Miaka ikapita hivyo. Kila jioni anaandika. Akastaafu.

Sasa tumefika pale panapouma. Binti alimpenda baba yake na alijivunia namna alivyoinuka. Akaona kwenye sherehe ya kustaafu awape watu zawadi. Akachukua daftari moja kabatini bila kumwambia, akachagua ukurasa, akasimama na maikrofoni. Watu walikuwa wamejaa. Akasoma baba yake alivyomlilia yule rafiki yake aliyeanguka. Ulikuwa ukurasa mzuri, kila mtu anasema hivyo. Lakini katikati palikuwa na maneno haya: nilimwambia funga mkanda, mkaidi yule, hakunisikia, nimemkasirikia hata kaburini.

Mjane wa yule fundi aliyekufa alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Binti hakumwona. Alikuwa analia kwa furaha, watu wanapiga makofi. Baba yake naye alipiga makofi. Kisha akaenda kwa yule mjane, akainama. Mjane akamwambia, "Yameisha, shemeji." Lakini keki hakuila, na aliondoka mapema.

Nyumbani Panda-Shuka hakumgombeza binti yake. Alimwambia tu, "Asante, mwanangu." Jambo hilo linamtesa binti mpaka leo. "Laiti angenifokea," anasema. "Ningejua."

Kesho yake jioni Panda-Shuka alikaa mezani akaandika. Na siku iliyofuata pia. Meza ileile, kalamu mkononi. Kwa hiyo nyumbani hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Mkewe anasema, "Tuliona mzee anaandika, tukajua yuko salama."

Hakuwa salama. Alimwambia mtu mmoja tu, yule fundi mwenzake. Walikuwa wamekaa nje ya duka la vipuri. Akamwambia, "Siku hizi nikishika kalamu, nawaona watu wamekaa mbele yangu. Naandika kama mtu anayepigwa picha. Nashukuru huyu, nashukuru yule." Mwenzake akacheka, akamwambia, "Basi siku hizi wewe mheshimiwa." Panda-Shuka naye akacheka, wakabadilisha mazungumzo. Fundi huyo alinisimulia haya akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Haya hakuyasema kwa mtu hadi walipotoka kuzika.

Usingizi ulikuwa umemkimbia tena. Mkewe aliliona, akadhani ni uzee. Kliniki alikuwa ameacha kwenda, nao wakadhani amepona. Alianza tena kupanda ngazi hata kwenye majengo yenye lifti, akasema ni mazoezi, wakampongeza.

Daktari amesema ni moyo, nami sina elimu ya kumbishia. Sisemi kwamba ukurasa ule ndio uliomuua. Ninachosema ni kwamba alikuwa na mahali pamoja pa kusema ukweli bila kumuumiza mtu, na watu waliompenda wakaufungua mlango wake bila kubisha hodi. Baada ya hapo aliubeba mzigo wake peke yake, katikati ya familia iliyomtazama kila jioni. Hilo linanisikitisha sana.

Kwa mama, mke wa Panda-Shuka, kwa fundi mwenzake, na kwa mafundi wote walioko sasa hivi kwenye mashimo ya lifti: poleni sana. Kwako binti, pole, mwanangu. Ulikosea kwa kupenda. Wengi wetu tungesoma ukurasa uleule.

Nawe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako kuna mtu anayeandika, mwache aandike. Usichungulie, hata kwa upendo. Lakini kalamu isikuridhishe. Mwulize kwa mdomo wako amelalaje, kisha unyamaze, umsubiri ajibu.

Kipindi hiki, mnajua, huwa tunakimalizia kwa maneno ya marehemu mwenyewe. Nilipokwenda nyumbani kwao, madaftari yalikuwa yamepangwa mezani, yamefutwa vumbi. Mama hakuwa ametulia. Akaniuliza, "Mtasoma upi?"

Nikamwambia, "Hatutasoma, mama."

Akayakusanya yote kifuani, akakaa. Ndipo akaanza kulia.