Baiskeli Iliyobebwa Kichwani Hadi Mlola

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe pia na sisi tunaoimba tumekaa wakati ninyi mmesimama! Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni yule fundi wa kunoa wa kule Mlola, na miguu yangu mnaiona. Ilipooza nikiwa mtoto mchanga, baada ya homa, na mama akawa ananibeba mgongoni mpaka nikaanza kuota ndevu. Msicheke! Mama anapanda mlima kwenda shambani, na mimi huko mgongoni namsumbua kwa maswali. Maji yanapandaje ndani ya mgomba? Kwa nini gogo linabingirika na ubao haubingiriki? "Wee mtoto," ananiambia, "nyamaza kidogo, na mimi nipumue!"

Watu waliniombea nitembee. Waliniwekea mikono, wakafunga kula. Sikutembea. Nilimuuliza Mungu kwa nini, na mpaka leo namuuliza, maana hajanikataza.

Vijiji vya ujamaa vilipoanza, mwinjilisti wetu alisikia habari za shule ya watoto vilema huko pwani, wanakofundishwa kusoma na kazi za mikono. Baba akakubali niende. Ndugu zangu, kule nilishiba maarifa! Nilifundishwa ufundi wa baiskeli: mnyororo, spoku, gololi. Wenzangu wakipumzika mchana, mimi nafungua vitu nione ndani kuna nini. Nilifungua hata saa ya mwalimu. Alicheka kwanza, ndipo akanichapa.

Nilipomaliza, mwalimu huyo huyo akanikabidhi baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuendesha kwa mikono. Akaniambia sasa nimpumzishe mama yangu, niende popote ninapotaka. Mtu mwema jamani! Lakini alikuwa mtu wa pwani, hajawahi kufika kwetu.

Basi likanishusha barabarani. Nyumbani ni juu kabisa, na njia ni ngazi za udongo. Mvua ikinyesha hata mbuzi wanateleza. Vijana wakaibeba baiskeli kichwani, na mama akanibeba mimi. Baba akaizunguka ile baiskeli, akaigusagusa, akauliza, "Mwanangu, hiki kitu kitapita wapi?" Watu walicheka hadi wakakaa chini. Nami nilicheka, lakini moyoni nililia. Na ufundi wangu nao ungefaa nini? Kijiji kizima kilikuwa na baiskeli moja, ya karani wa ushirika, na mara nyingi alikuwa anaisukuma.

Ndipo mjomba wangu, kaka yake mama, akaja na shauri. Jumatatu angenishusha Lushoto mjini, nikae mlangoni pa soko ninyooshe mkono, maana watu wana huruma. Hakusema kwa ubaya. Aliona shule imeshindwa, basi. Mama akatoka nje. Ndugu zangu, niliogopa! Niombe chakula maisha yangu yote, na vidole hivi vinajua kazi!

Nikaomba, na maombi yangu hayakuwa mazuri. "Bwana, umenipa magurudumu mlimani. Ulikuwa unafikiri nini?" Nikaigeuza baiskeli kichwa chini, nikaizungusha kwa hasira tu. Gurudumu likazunguka vizuri, bila kwenda popote. Nikaliangalia. Hivi, kitu kinachozunguka bila kwenda popote kinafaa kwa kazi gani? Mama alikuwa mlangoni anasugua jembe kwenye jiwe, maana Jumatatu hiyo ilikuwa msaragambo, watu wote kulima shamba la kijiji, na jembe butu linaua mikono. Haleluya! Nilipiga kelele mpaka mama akaangusha jembe.

Nikachukua tindo, nikachonga jiwe la mviringo, nikang'oa gurudumu na kulifunga mahali pake. La kwanza lilipasuka, kipande kikatoboa ukuta. Baba akasema, "Utatuua sisi!" La pili likakaa. Mama akazungusha pedali za mkono, mimi nikashika jembe, cheche zikaruka. Mama akapiga vigelegele!

Jumatatu asubuhi mjomba akaja kunichukua, na shuka la kunibebea begani. Akakuta ua umejaa watu wa msaragambo, huyu na panga, yule na shoka, wanagombea zamu, na mwenyekiti wa kijiji katikati yao. "Shikamoo, mjomba," nikamwambia. Alisimama nyuma ya watu, akitazama jiwe, akinitazama mimi. Mwisho akachomoa panga lake kiunoni. "Mgosi," akasema, kama tunavyomwita mwanamume wa heshima kwetu, "na hili langu je?" Nililinoa mpaka likanyoa ndevu.

Baadaye kijiji kikanijengea banda, na sasa nafundisha watoto humo. Yupo binti kiziwi anayejua jiwe limekaa upande kwa kuweka kiganja tu juu ya meza lilipofungwa, likiwa linazunguka. Anajuaje? Namuuliza kwa ishara kila siku, naye ananicheka.

Namshukuru Bwana, ndugu zangu! Mtumainini, hata pale msipomwelewa, na muulizeni. Na wewe mzazi uliyemfungia mtoto jikoni ili wageni wasimwone, nakufahamu, sitakutaja. Mlete kesho. Sitamuuliza miguu yake imekuwaje. Nitamuuliza anataka kujua nini.