Siku Mzee Mkia Alipomzuia Bwana Harusi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hakuwa na habari na treni ikija. Alikuwa na habari nayo ikipita. Narudia: ikija, wala, ikipita, macho yote. Watoto wa mtaani wakamwita Mzee Mkia, na yeye akaitika.

Alikuwa mpiga ishara wa reli. Njia yenyewe ni moja tu, imekatwa vipande, stesheni mpaka stesheni. Kipande kimoja, treni moja. Ikishaingia, nyingine haiingii mpaka ya kwanza itoke. Itoke yote! Utajuaje imetoka yote? Behewa la mwisho lina taa nyekundu. Ukiiona, hakuna kilichobaki nyuma. Ndipo unampigia kengele jirani yako, mpiga ishara wa stesheni ya nyuma: njia nyeupe, lete nyingine.

Binti yake wa pekee alikulia katika desturi hiyo. "Hata mezani," anasema, "baba hagusi chakula mpaka wa mwisho kunawa aje akae. Mama anamwambia, 'Mume wangu, hapa si stesheni!'"

Sasa ikafika harusi ya huyo binti. Asubuhi hiyo hiyo mwenzake wa zamu akaamka tumbo linamwendesha. Mzee Mkia akaenda kazini na suti yake ya harusi, ua kifuani. Ipite treni ya mizigo, halafu ije ya abiria na bwana harusi na ukoo wake, kisha wote ukumbini. Kazi ndogo tu.

Treni ya mizigo ikaja. Ikapita. Taa ya mkia haipo.

Akampigia jirani simu. Jirani anasema, "Tuliwaongezea behewa moja dakika za mwisho." Dereva, aliyesimamishwa stesheni ya mbele, anasema, "Hamkuniongezea kitu." "Tuliongeza!" "Labda mliongeza kwa mdomo." Mabehewa yaliyofika yanalingana na hesabu ya dereva. Hesabu ya jirani imezidi moja. Nani mkweli? Mimi mwenyewe nilipohadithiwa niliomba nirudiwe, na bado kichwa kiliniuma.

Maana kama lile behewa lipo, limesimama relini peke yake, na bwana harusi anakwenda kulivaa.

Mzee Mkia akakataa kupiga kengele.

Habari zikafika ukumbini zimepinda. Shangazi akadakia: "Si alisema kijana anachekacheka sana? Ndiyo hii sasa. Anamzuia!"

Binti akatoka mbio na gauni lake mpaka chumba cha ishara.

"Baba, mume wangu humtaki?"

"Namtaka. Namtaka mzima."

"Kwani huko njiani kuna behewa?"

"Sijui."

"Sasa kama hujui, si umwache aje?"

"Kwa kuwa sijui, mwanangu, ndiyo maana haji."

Binti akaona huyu mzee ama kachanganyikiwa, ama anamchanganya yeye. Akakaa chini na gauni jeupe kwenye sakafu ya mafuta, akalia.

Vijana wa reli wakatumwa wakikague kipande kizima kwa miguu. Jua linazama ndipo wanarudi, na taa mkononi. Ilidondoka majanini. Behewa je? Lilikuwa kwa jirani, limeegeshwa pembeni. Waliliandika, wakasahau kuliunganisha.

"Kwa hiyo hakukuwa na kitu," binti akasema.

"Hakukuwa na kitu. Sasa tunajua."

Akapiga kengele. Treni ikaingia, bwana harusi kaning'inia dirishani: "Baba mkwe! Shikamoo!" Mzee hata hakugeuka. Macho mkiani. Taa ikapita. Ndipo akamkimbilia mkwewe, akamkumbatia mpaka ua likapondeka. Lakini ukoo wa mume ulikuwa umeshanuna.

"Miaka yote sikujua nimsifu au nimnunie," binti anasema. "Angeokoa watu, ningejua. Sasa aliwaokoa na nini?"

Wiki iliyopita Mzee Mkia alitutoka. Makaburini, msemaji wa familia akasema tuanze. Binti alikuwa ameligeuzia jeneza mgongo, anatazama njia.

"Bado," akasema.

"Tunamsubiri nani? Tumeshafika wote."

"Sijui. Subirini."

Watu wakatazamana. Mumewe, ambaye bado anachekacheka, akageuka akatazama njia naye. Mara akatokea shangazi, yule yule, anachechemea, viatu mkononi, anawaporomoshea matusi waliomsahau gari la mwisho lilipoondoka. Binti akamtazama mpaka akafika.

"Shangazi, nyuma yako kuna mtu?"

"Hakuna, ni mimi tu. Ulijuaje kama nakuja?"

"Sikujua."

Ndipo wakaanza.

Pole sana, mama mjane. Pole binti, pole mkwe, pole shangazi na miguu yako. Na wewe unayetusikiliza ndani ya treni iliyosimama porini bila sababu, unasonya, unatazama saa: pengine huko mbele hakuna kitu. Pengine kuna mtu tu ambaye hajui, na amekubali umnunie mpaka ajue. Mfikirie huyo. Mnunie kidogo ukitaka, alishazoea.