Bandama ya Massamba Diop

Benchi letu hapa Thiès, nyuma ya kituo cha treni, lina pengo mwezi wa pili sasa. Massamba Diop anaumwa. Damu yake imeharibika, bandama imevimba hadi imejaa upande wote wa kushoto wa tumbo, na daktari wa Dakar kamwandikia mionzi, aanze kesho. Mimi Ndiaye ni mtani wake, kama walivyo kina Ndiaye wote na kina Diop. Miaka thelathini namwita mtumwa wangu, mla wali. Hata tumbo lilipoanza kutokeza nilimwambia apunguze sahani. Kumbe mwenzangu ana maradhi! Naona aibu mpaka leo. Basi leo asubuhi kahawa ya pilipili ilikuwa vikombeni, na fundi umeme tunayemwita Waya alikuwa ameshaanza ubishi.

— Mionzi si umeme tu? Watachoma bandama, na mbavu nazo ziive.

— Acha kamba, akasema Koplo, askari mstaafu. Unapigwa kidogo leo, kidogo kesho, uvimbe unanywea. Bandu bandu huisha gogo.

— Na Diop mwenyewe je, haishi?

— Dawa ya moto ni moto!

— Moto uko wapi, Koplo? Bandama hiyo!

— Wewe bishana tu, akasema Koplo. Ila jambo moja lanitia wasiwasi: damu ikizeeka inazikwa kwenye bandama. Sasa makaburi yakifinywa, wafu wataenda wapi? Kichwani! Ataamka anaongea Kireno.

— Na asisogelee redio yangu, akasema Waya. Stesheni zitaingiliana.

Hakuna aliyecheka sana.

— Daktari mwenyewe kasema haitamponya, nikawaambia.

— Sasa ya nini kumburuza hadi Dakar?

— Maumivu yapungue, Koplo. Akila vijiko viwili kashiba. Kulala ubavu hawezi.

— Wewe ulimwona lini?

— Mwezi uliopita. Mara moja.

Koplo akanitazama, akanywa kahawa yake.

Hapo akatokea Kumba, binti yake Diop, kanga kichwani, macho mekundu.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanangu, akaitikia Koplo. Safari ya kesho tayari?

— Hataki kwenda. Anasema mtu aliyekwisha kufa haendi hospitali.

— Astaghfirullahi! Nani kamwambia amekufa?

— Anasema ni Baba Ndiaye.

Nikasimama.

— Mimi? Wallahi sijatamka neno kama hilo!

— Najua, baba. Ulikuja, ukamwita kaka, ukamwombea dua kwa upole, ukaenda zako. Ulipotoka akageukia ukutani. Tangu siku hiyo hasemi na mtu ila mimi, analia maumivu tu. Kaniagiza nikuulize jambo moja, halafu ataamua.

— Uliza, mwanangu.

— Mbona humtukani tena?

Waya akatazama chini. Koplo naye, mwenye methali ya kila kitu, akamsogezea Kumba kikombe. Nilitafuta tusi moja tu nimpe mtoto ampelekee baba yake. Miaka thelathini ya matusi, sikupata hata moja.