Tisini na Wanne Walioridhika: Maisha ya Verediana Bihogora, 1949–1997

Alhamisi tarehe 14 Agosti 1997, saa tatu asubuhi, Verediana Nikodemu Bihogora aliandikishwa katika wodi ya wanawake ya hospitali ya misheni. Jina lake ni la nane katika daftari la kupokea wagonjwa la siku hiyo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane na miezi mitano, na alikuwa amefanya kazi ya kuandika madaftari ya aina hiyo kwa miaka ishirini na minane.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 huko Bangwe, mtoto wa pili wa Mzee Nikodemu Bihogora, mpakuzi wa mizigo bandarini Kigoma, na Mama Yustina. Walizaliwa sita, wakakua watatu. Mama Yustina alikuwa akisema kwamba binti huyu alijifunza kuhesabu kabla ya kujifunza kusalimia, na kwamba akitumwa dukani alirudi na chumvi pamoja na idadi ya watu aliowakuta kwenye foleni.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1957 katika shule ya misheni na kumaliza la nane mwaka 1964. Hakuendelea na sekondari kwa sababu mwaka huo baba yake aliangukiwa na gunia la saruji na hakuweza tena kubeba mizigo. Marehemu alikaa nyumbani miaka mitatu, akikausha dagaa pamoja na mama yake. Mwaka 1968 alichaguliwa kwenda Tabora kusomea utunzaji wa kumbukumbu za hospitali, kozi ya miezi kumi. Tarehe 2 Januari 1969 aliajiriwa kuwa karani wa takwimu katika hospitali ya serikali mjini. Hakuwahi kuhamishwa. Kwa miaka yote hiyo meza yake ilikuwa ileile, mbele ya dirisha la kupokelea wagonjwa.

Ni mbele ya dirisha hilo alikokutana na mumewe. Mwezi Mei 1972 Bwana Protais Manariyo, fundi cherehani, alifika kwa mtumbwi akitoka Burundi, akiwa na jeraha la mguu. Marehemu alimuuliza jina, mahali alikozaliwa, kazi, kisha jina la ndugu wa karibu. Bwana Protais akamwambia, "Andika lako, dada. Wewe ndiye mtu pekee niliyeongea naye hapa." Marehemu aliandika "hakuna" kwenye kadi yake na kumwita mgonjwa anayefuata. Walifunga ndoa tarehe 26 Juni 1976. Jumatatu iliyofuata aliitoa kadi ile kabatini, akafuta neno "hakuna" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika jina lake mwenyewe na tarehe ya masahihisho. Mungu aliwajalia watoto watatu: Générose, Martini na Aurore.

Kazi ambayo wengi waliohudhuria hapa leo wanamkumbuka nayo ilianza mwezi Oktoba 1996. Miezi hiyo watu walikuwa wakivuka ziwa kila siku, na wagonjwa waliongezeka kuliko vitanda. Wafadhili walikuwa wameajiri wauguzi tisa wa ziada na kuwagawa sawasawa, watatu watatu, katika hospitali tatu: ile ya mjini, ile ya misheni na ile ya kambi ya wakimbizi. Kamati ya afya iliyowasimamia ilitaka kujua kama mgawo huo ulikuwa wa haki. Marehemu alipewa miezi mitatu kulinganisha hospitali hizo kwa mambo matatu: idadi ya watumishi, gharama anayolipa mgonjwa, na jinsi mgonjwa alivyoridhika. Kwa heshima ya wafanyakazi waliopo hapa, hospitali hizo hazitatajwa kwa majina.

Watumishi aliwahesabu mwenyewe, zamu kwa zamu, bila kutegemea orodha za ofisini. Katika hospitali ya kambi muuguzi mmoja alihudumia wagonjwa kumi na sita, mjini ishirini na saba, misheni thelathini na wanne. Gharama nazo alizifuata hadi mwisho. Kambini matibabu yalikuwa bure. Mjini upasuaji ulikuwa na bei ndogo, lakini mgonjwa alinunua mwenyewe nyuzi na glavu. Misheni bei ilikuwa kubwa kuliko zote, ila mgonjwa aliruhusiwa kulipa kidogo kidogo.

Katika kuridhika aliwauliza wagonjwa mia moja kila mahali, swali lilelile: umeridhika na huduma uliyopata? Kambini walioridhika walikuwa arobaini na mmoja. Mjini, sitini na watatu. Misheni, kwenye wauguzi wachache kuliko wote na bei kubwa kuliko zote, walikuwa tisini na wanne.

Tarehe 20 Januari 1997 kamati ilipokea taarifa hiyo. Katibu wake, Bwana Pastory, aliisoma na kusema kwamba misheni ni wachache lakini wanatosha. Tarehe 3 Februari wauguzi watatu wa ziada waliokuwa misheni walihamishiwa kambini. Taarifa ilichapishwa, na ukurasa wenye namba hizo ukabandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata. Ndugu na majirani waliusoma kwa fahari. Mdogo wake, Bwana Thobias, aliomba nakala akaihifadhi nyumbani kwake Katubuka.

Jumamosi tarehe 15 Machi marehemu alikwenda mwaloni, kwenye soko la ufukweni, kununua samaki kwa Bi Marcelina, ambaye wengi wa Bangwe wanamfahamu. Mwezi Novemba Bi Marcelina alikuwa amelazwa misheni siku tisa, naye ni mmoja wa wale tisini na wanne. Marehemu alimuuliza hali, kama jirani. Bi Marcelina alimweleza kwamba siku mbili za kwanza alilalia shuka ya mtu aliyefariki, na kwamba dripu yake iliisha asubuhi ikatolewa jioni, kwa sababu muuguzi alikuwa mmoja na hakuwa na wa kumpokea. Marehemu alimuuliza kwa nini basi alimwambia ameridhika.

"Mwanangu, uliniuliza nikiwa mlangoni," Bi Marcelina alisema. "Na yule mama alikuwa anatandikiwa kitanda changu, ananitazama. Ulitaka nimwachie maneno gani? Ungeniuliza hapa sokoni ungeandika mpaka wino ukuishie."

Kwa wageni waliopo inafaa kueleza. Hapa kwetu, na kwa ndugu zetu waliotoka Burundi pia, anayeruhusiwa kutoka hospitalini haachi neno baya nyuma yake. Halaumu wala hasemi alichokosa, kwa sababu mwingine analala pale alipoinuka yeye, na neno hilo litamkuta. Anashukuru, anawaombea wanaobaki, anatoka. Verediana alilelewa hivyo. Yeye mwenyewe alitoka hivyo wodini mara tatu, akiwa na kichanga mkononi, bila kukumbuka kuwa alikuwa na lolote la kulalamikia.

Jumapili baada ya misa alifungua madaftari yake. Kila ukurasa ulikuwa na mahali swali lilipoulizwa. Kambini walinzi hawakumruhusu kuingia wodini, hivyo aliwauliza watu waliokwisha kutoka, kwenye foleni ya maji. Mjini aliwauliza dirishani kwake, wakati wanarudisha kadi. Misheni alipewa kiti mlangoni mwa wodi, akawauliza wote wakati wa kutoka, vitanda vikitazama. Alimwambia mumewe kwamba hakuwa amepima hospitali tatu. Alikuwa amepima milango mitatu.

Aliamua kuwauliza upya nyumbani kwao. Kuanzia Machi hadi Juni alitumia Jumamosi zake na jioni za siku za kazi. Alitembea Bangwe, Katubuka na Ujiji, na mara mbili alipanda boti kwenda vijiji vya kando ya ziwa. Ujiji mzee mmoja alimwambia amechelewa miezi mitano, tena amekuja bila sukari. Alirudi kesho yake na sukari. Kati ya wale tisini na wanne aliwapata sabini na mmoja. Arobaini na tisa walibadili jibu. Ishirini na wawili walisema waliridhika kweli, na hao nao aliwaandika, pamoja na sababu zao. Masahihisho yalikuwa na kurasa sita. Ukurasa wa kwanza ulianza kwa maneno haya: "Kosa ni la karani na si la wagonjwa." Mwishoni aliomba jambo moja tu, wauguzi watatu warudishwe misheni.

Tarehe 23 Juni alizipeleka kurasa hizo kwa Bwana Pastory. Bwana Pastory, ambaye ameruhusu maneno haya yasomwe, alimjibu kwa upole. "Mama Générose, taarifa imeshafika kwa wafadhili. Tukisema tulikosea hapa, watauliza tumekosea wapi kwingine."

"Na waulize," marehemu alisema. "Nitawajibu."

Aliambiwa asubiri kikao cha Agosti. Alirudi ofisini kwa katibu mara nne mwezi Julai. Mara zote alijibiwa kwamba Agosti si mbali.

Marehemu alianza kuugua homa tarehe 2 Agosti. Zahanati ilimpa dawa za malaria, akapata nafuu siku mbili, akarudi kazini. Tarehe 12 homa ilirudi pamoja na maumivu ya tumbo. Asubuhi ya tarehe 14 tumbo lilikuwa gumu na hakuweza kusimama. Bwana Protais alikuwa safarini Kasulu. Bwana Thobias ndiye aliyeitwa, naye akatafuta gari la jirani, Mzee Hamdani wa Ujiji.

Kinachofuata kimeandikwa kwa ombi la Bwana Thobias mwenyewe. Mzee Hamdani alipouliza wanakwenda wapi, Bwana Thobias alisema misheni, kwa sababu ndiyo iliyopata tisini na wanne. Marehemu, akiwa amelala kiti cha nyuma, alisema namba ile si ya kweli, wampeleke mjini. Habari za masahihisho alikuwa amemwambia mumewe na kamati tu. Hakutaka kuyasambaza kabla ya kikao, kwa kuona si haki kuitangaza hospitali vibaya kwa karatasi isiyopitishwa. Bwana Thobias hakujua lolote. Alidhani ni homa inayosema.

"Dada, tulia," alimwambia. "Umeiandika mwenyewe."

Daktari wa misheni aligundua kuwa ni homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, na alimfanyia upasuaji siku hiyohiyo saa tisa alasiri. Familia inamshukuru daktari huyo, aliyefanya kazi yake vizuri. Baada ya upasuaji aliagiza mapigo ya moyo, joto na shinikizo la damu vipimwe kila baada ya saa nne. Karatasi ya vipimo ipo, familia imeiona. Ijumaa vipo vipimo vinne. Jumamosi kimepimwa kimoja saa moja asubuhi, na kingine saa kumi na moja jioni. Katikati hapakuandikwa kitu. Katika saa hizo kumi homa ilipanda na mapigo yakaenda mbio, na aliyepaswa kuyaona alikuwa wodi ya pili.

Muuguzi huyo ni Bi Catherine, naye yupo hapa amesimama pamoja na wafiwa. Jumamosi jioni marehemu alimuuliza leo mko wangapi. Bi Catherine alimjibu kuwa yuko peke yake, wodi mbili, wagonjwa arobaini na sita. Marehemu alimgeukia bintiye Générose, akamwambia achukue kalamu aandike kwamba mama yake hajaridhika. Kitanda cha jirani kilikuwa kimepata mgonjwa mchana huo, mwanamke kijana wa kambini, naye alikuwa macho. Générose alimnong'oneza mama yake asiyaseme hayo pale.

"Hapa ndipo penyewe," marehemu alisema. "Andika. Weka na tarehe."

Générose alisita. Ni Bi Catherine, akiwa na sinia ya dawa mkononi, aliyemwambia, "Mwandikie, mdogo wangu. Halafu niandike na mimi."

Verediana Bihogora alifariki dunia Jumapili tarehe 17 Agosti 1997, saa saba mchana. Mumewe alikuwa amewasili saa nne asubuhi, na alikuwa ameushika mkono wake. Alimwita kwa Kirundi, lugha ambayo marehemu alijifunza kwa ajili yake na aliizungumza, kwa maneno ya mumewe, kama mtu anayesoma orodha.

Ameacha mume, Bwana Protais Manariyo; watoto watatu, Générose, Martini na Aurore; mjukuu mmoja, Ishimwe, mwenye miezi saba; mama mzazi, Mama Yustina; mdogo wake Thobias na dada yake Verena; mashemeji waliopo kambini ambao hawakupata kibali cha kusafiri kuja kumzika; na karani mwenzake wa dirishani, ambaye tangu jana anaandika peke yake.

Mwenyezi Mungu aliyempa macho ya kuona makosa yake ampumzishe, na mwanga wa milele umwangazie.

Atazikwa leo, Jumanne tarehe 19 Agosti, saa kumi jioni, katika makaburi ya Katubuka. Kikao cha kamati ya afya kitakuwa keshokutwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Générose atakwenda na kurasa sita za mama yake na wa saba aliomwandikia wodini. Bi Marcelina na Bi Catherine watakwenda naye, na Bwana Thobias atatangulia kuwafungulia njia. Waliowahi kuulizwa mlangoni na wakashukuru wanakaribishwa kufuatana nao. Wataondoka Bangwe saa mbili, kwa miguu.