Krimu ya Serikali

Kitanda cha mbao kilicho mbele ya duka la kona hakilaliwi, kinakaliwa. Ndilo bunge la mtaa wa juu huku Busan: unavua viatu, unapanda, unakunja miguu, unakabidhiwa kahawa ya pakiti kwenye kikombe cha karatasi, na ukishaonja tu umeingia kwenye ubishi, upende usipende. Spika ni Mzee Manpyo, kwa jina la kijiweni Taarifa ya Habari, maana redio yake ndogo hukaa kwenye mfuko wa shati na haizimwi mpaka betri ife. Upinzani ni Mama Vichupa, anayetembeza krimu nyumba kwa nyumba. Atakukanda uso bure nusu saa nzima, na ukifumbua macho umeshanunua. Waliobaki ni Chunbok na Malsuk, waliokuwa wasugua nongo wa bafu la umma la ng'ambo ya barabara, hadi bei ya gesi ilipolifunga mwaka jana. Bomba la moshi la bafu bado limesimama palepale, ila chini yake sasa kuna mlango wa kioo, maua ya pongezi yenye riboni ndefu, na bango: SPA YA NGOZI CHANGA. Inafunguliwa leo, mvua ya Juni inanyunyiza, na kijiwe kimejaa chini ya turubai.

Chunbok alifika wa mwisho, mikono inanuka kitunguu saumu, kwani tangu bafu lifungwe yeye humenya saumu za mikahawa. Hajavua kiatu cha pili, Mzee Manpyo akamrukia.

— Chunbok! Una miaka mingapi?

— Sitini na moja, kama jana.

— Kama jana! Mnamsikia? Jana imeshakufa, mama! Sheria mpya imeanza leo asubuhi. Ile hesabu yetu ya kuzaliwa tayari una mwaka mmoja, halafu kila Januari mosi nchi nzima inazeeka kwa pamoja, imefutwa! Sasa tunahesabu kama wenzetu duniani. Kila mtu apunguze miaka miwili!

— Bila kujipaka kitu? aliuliza Mama Vichupa kwa sauti ya mtu aliyeibiwa mkoba.

— Bila kujipaka hata mate!

— Hao wezi! Angalia kichupa changu hiki. Soma hapa. Ute wa konokono, sumu ya nyuki, unga wa dhahabu, kinarudisha miaka miwili kwa siku thelathini. Miwili! Serikali imeninakili neno kwa neno, halafu inagawa bure!

— Konokono mwenyewe ana makunyanzi mwili mzima, alisema Malsuk, ambaye ulimi wake haujawahi kwenda likizo. Angekuwa na dawa si angeanza na shingo yake?

— Wewe cheka tu. Konokono ni ya zamani hiyo. Mjini sasa wanadunga sindano za mbegu za samaki. Hapa, chini ya jicho, tii!

— Mbegu za samaki dume?

— Dume, tena wale wanaotoka baharini kurudi mto walikozaliwa. Ndiyo siri yenyewe! Samaki anarudi alikotoka, basi na ngozi inamfuata, inarudi ilikotoka.

— Sasa wakizidisha dozi si mtu ataanza kutafuta mto?

Chunbok alicheka mpaka kahawa ikamwagikia goti, lakini macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara. Kwenye ule mlango wa kioo palikuwa na karatasi ambayo yeye na Malsuk waliisoma pamoja wiki iliyopita: Wanatakiwa wasugua nongo wawili, wazoefu. Umri: chini ya miaka sitini. Siku ile walicheka, wakatukana, wakaondoka. Chunbok alifika nyumbani akalia juu ya beseni la saumu, mumewe alipouliza akasingizia saumu. Aliitaka kazi ile mpaka viganja vilikuwa vinamwasha. Alitamani mvuke, kitambaa cha kijani kinachokwaruza kama ulimi wa paka, na lile kofi la pa! mgongoni la kumwambia mteja ageuke. Miaka thelathini alisugua wateja kwenye meza ya kushoto na Malsuk kwenye meza ya kulia, na mtaa mzima ulipita mikononi mwao ukiwa uchi.

— Sitini na moja toa mbili, alisema Chunbok polepole.

Mama Vichupa naye alianza kuhesabu kwa vidole.

— Hamsini na tisa! Malsuk alipiga kelele. Shoga! Hamsini na tisa! Mimi na wewe!

Wakakumbatiana, wakapigana makofi ya mgongo, pa! pa!, kitanda cha mbao kikalia. Hawa wawili wamezaliwa mwaka mmoja, na huku hilo si jambo dogo. Mtu akikuzidi mwaka ni dada yako, unamwinamia, unachagua maneno, akisema nenda unakwenda. Mkiwa rika hakuna mkubwa. Miaka thelathini Chunbok na Malsuk waliitana kwa majina makavu, walitukanana kwa raha zao, na hakuna aliyewahi kumwamuru mwenzake akatii.

— Mnaona mchezo sasa? Mzee Manpyo alipunguza sauti kama anatoa siri ya jeshi. Spa inafunguliwa leo. Sheria inaanza leo. Mnadhani ni bahati? Walijua! Mteja anaingia na sitini, analazwa, anapakwa tope la volkano, anatoka na hamsini na nane. Atasema nini? Krimu kiboko! Kumbe bunge ndilo limemfanyia kazi.

— Wakubwa wa krimu ndio waliotunga hiyo sheria, aliunga mkono Mama Vichupa, akisahau kwamba dakika tano nyuma wao ndio walioibiwa. Mimi sipewi mgawo kwa sababu natembea kwa miguu.

— Na haiishii hapa. Kila rais mpya atatupunguzia miwili ili apate kura. Mimi nina sabini na nne. Marais ishirini na tano hivi, narudishwa jeshini!

— Jeshi likupeleke wapi na hayo magoti? Watakutumia kama redio.

— Tuache hayo, alisema Chunbok, amesimama kwenye mbao na soksi zake. Malsuk, twende sasa hivi. Nanawa saumu, tunavuka.

— Na nywele hizi?

— Atakayelala mezani amefumba macho, nywele zako anazionea wapi?

Malsuk alikuwa ameshavaa kiatu kimoja, redio ya mfukoni ilipoanza taarifa ya saa nne. Mzee Manpyo aliipandisha sauti kwa fahari. Mtangazaji, mwanamke mwenye sauti laini, alieleza tena kwa utaratibu: ambaye siku yake ya kuzaliwa bado haijafika mwaka huu atapunguza miaka miwili, na ambaye imeshapita atapunguza mmoja.

Manpyo aliishusha sauti, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

— Asubuhi hukusikia hiyo sehemu ya pili? aliuliza Mama Vichupa.

— Nilikuwa napiga mswaki.

Chunbok alizaliwa Novemba. Hakumtazama Malsuk, maana hapakuwa na haja ya kumuuliza. Supu ya mwani ya siku ya kuzaliwa ya Malsuk aliipika Chunbok mwenyewe, Februari, kwenye sufuria lake mwenyewe, na Malsuk alilalamika kwamba chumvi imezidi.

— Sitini kamili, alisema Malsuk. Akavua kile kiatu, akakipanga vizuri pembeni ya cha mwenzake.

Basi hapo ndipo kijiwe kilipowaka moto kweli. Hakuna aliyekubali. Watu waliokuwa wanacheka na konokono sasa walikuwa wanaokoa maisha.

— Tuhesabu kwa mwezi wa angani! Kalenda ya zamani! Manpyo alikuwa anatokwa na jasho la aibu. Kwa mwezi Februari inakuwa Januari, na Januari...

— Januari nayo si imepita, mzee?

— Basi aende mahakamani aseme mama yake alikosea tarehe. Mama ana uchungu wa kuzaa, atajua vipi ni tarehe ngapi!

— Namba ya kitambulisho inaanza na tarehe ya kuzaliwa, alisema Malsuk. Sita tatu, sifuri mbili. Hapo konokono hawezi kupanda.

— Konokono hawezi, huyu ataweza! Mama Vichupa alikuwa ameshafungua begi, ameshafungua kichupa kilichofungwa na utepe wa dhahabu, kile cha bei ya gunia la mchele ambacho hata yeye hakigusi. Lete uso! Wakikuona una arobaini na tano nani atadai kitambulisho? Tulia, usicheke, unatengeneza mikunjo mipya!

Akampaka Malsuk shavu la kushoto, nusu ya paji la uso na nusu ya kidevu, akipigapiga kwa vidole vya kasi. Manpyo aliinama kutazama.

— Naona tofauti.

— Tofauti ipi, ni nyeupe tu.

— Ndiyo tofauti yenyewe!

— Acheni, alisema Chunbok, na sauti yake ilimshangaza yeye mwenyewe. Mimi siendi.

— Huendi wapi?

— Huko. Wanataka wawili, sisi tulikuwa wawili. Asipoingia Malsuk, mimi nabaki na saumu zangu.

— Usiwe mjinga, alisema Malsuk, uso nusu mweupe. Unakwenda.

— Wewe nani wa kuniambia nakwenda? Umezaliwa lini wewe? Sisi rika, hakuna wa kumtuma mwenzake.

— Chunbok, wewe unaota lile hodhi. Wiki iliyopita umenisugua kisogo kwenye foleni ya posta bila kujua!

— Nimesema siendi.

Alikaa chini, akakunja mikono iliyonuka saumu kwapani, na moyo ukimuuma kama amejinyang'anya mwenyewe tonge. Aliitaka kazi. Aliitaka vilevile kama robo saa iliyopita. Ila kuingia mlango ule peke yake, akute meza ya kulia ina mtu mwingine, hilo hakuliweza.

Hapo mlango wa kioo ulifunguka. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sare nyeupe, ngozi laini mpaka Mama Vichupa akaguna, alivuka barabara chini ya mwavuli akiwa na sinia kubwa. Mwenye spa anagawia majirani keki za mchele za ufunguzi, zenye maharage mekundu, bado zinafuka. Kijiwe kizima kilijipanga na kushusha magoti. Aliinama vizuri kama mtu aliyelelewa, akampa kwanza Mzee Manpyo, kwa mikono miwili, maana nani asingemjua mkubwa wa pale. Halafu akawageukia Chunbok na Malsuk waliokaa bega kwa bega, akasita, sinia hewani.

— Samahani, wamama. Nisije nikawakosea adabu. Kati yenu nyie wawili, mkubwa ni nani?

Swali la kawaida. Mtoto wa shule ya chekechea huku huliuliza kabla hajamwazima mwenzake mpira. Na kile kijiwe, chenye majibu kuhusu samaki, marais na volkano, kilianza kutafuta pa kutazama. Manpyo alitazama keki yake. Mama Vichupa alifunga kichupa kwa uangalifu mkubwa. Chunbok alifungua mdomo aseme kile alichokisema kwa miaka thelathini, kwamba sisi rika, akaikumbuka ile taarifa ya redio.

Malsuk alinyoosha mikono yote miwili.

— Mimi, alisema. Mimi ndiye mkubwa. Nina sitini.

Akapokea keki ya kwanza, akakaa wima na ule uso wake nusu mweupe, wala hakuna aliyethubutu kucheka.

— Huyu ni mdogo wangu. Hamsini na tisa. Kwenye jengo lako hilo amesugua watu miaka thelathini, hakuna mgongo asioujua mtaa huu. Umebandika tangazo, sivyo? Anakuja sasa hivi kukuonyesha kazi.

— Malsuk, alisema Chunbok.

— Malsuk ni nani? Mkubwa akishasema, mdogo anajibu hivyo? Vaa viatu. Nawa mikono hapo bombani, kwa sabuni, mara mbili. Meza ya kushoto ina mwanga mzuri, dai hiyohiyo. Nenda.

Mwenye spa alikuwa anatazama huku na huku, hajui amekanyaga nini. Chunbok aliteremka kwenye mbao. Viatu vilikuwa vimepangwa vizuri pale chini, vyake na vya mwenzake, akavaa vyake, na ilimchukua muda kwa sababu alikuwa havioni sawasawa. Akasimama mbele ya mtu ambaye hajawahi kumpigia goti katika maisha yake, akalipiga.

— Shikamoo, dada.

Nusu ya uso wa Malsuk isiyopakwa krimu ilitetemeka.

— Marahaba, alisema. Haya, nenda, mteja atapoa.