Gari la Viti Viwili

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mtu aliyechelewa kumsifu kama mimi.

Mnanijua. Mimi ni Otieno, mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu. Nilikuwa naishi karibu na Dunga, na kutoka pale hadi kazini hata baiskeli ingetosha. Lakini nilitaka kuonekana! Nikanunua gari la spoti, mtumba kutoka Japani, jekundu, viti viwili tu, chini hivi hata ukiwa ndani unatazamana na magurudumu ya tuktuk. Kila asubuhi nilipita Nyalenda nikiungurumisha injini, watoto wakishangilia, nami nikajiona mtu. Matuta yalikwaruza tumbo la gari kila siku. Sikujali.

Nikalipeleka nyumbani kijijini, karibu na Luanda Kotieno, wazazi wangu walione. Halikuweza kupita mawe ya kuingia bomani, kwa hiyo niliwaita waje barabarani. Baba akalizunguka akitabasamu. Mama akachungulia ndani, akauliza, "Na mimi nitakaa wapi?" Nikacheka. Nikamwambia hii si matatu. Ndugu zangu, laiti ningerudisha gari lile siku ile ile!

Wikendi moja nikiwa nyumbani, baba alizidiwa, akawa anapumua kwa shida. Majirani wakambeba kwa kiti hadi barabarani. Mama akaja nyuma yetu mbio, amevaa viatu vya kanisani, blanketi mkononi. Tulipomkalisha baba, mama akasimama kando ya mlango. Ndipo akaona, nami nikaona. Hakukuwa na mahali pake. Watu waliozeeka pamoja, nami nikawatenganisha kwa gari! Alimfunika baba blanketi, akasema tutangulie, yeye atatafuta matatu.

Njiani baba aliuliza mama yuko wapi. Nikasema anakuja. Baada ya kitambo akauliza tena. Kisha akaniambia, "Endesha pole pole, Mama Otieno atufikie."

Nami nikakanyaga mafuta. Ningefanya nini? Nilitaka kumfikisha hospitali. Tulipofika Kisian, kabla ya kuingia Kisumu, nilidhani amelala. Mama alipofika, alinikuta nimekaa kwenye benchi nje ya hospitali, na sikuweza kumtazama machoni.

Baada ya mazishi niliacha kwenda nyumbani. Mama akipiga simu, nilisema niko kazini. Nilijua ipo siku ataniuliza habari za ile safari, na maneno ya baba yalikuwa yananichoma. Nimwambieje kwamba mzee alimtaka, nami nikazidi kumwacha nyuma? Gari nililiuza, aibu ikabaki. Nilikuja hapa mbele yenu, nikaimba, nikapiga makofi, nikarudi kwangu moyo ukiwa mkavu.

Lakini Mungu hakuniacha! Jumapili moja tuliombea wajane, nikashindwa kusema amina. Nikatoka kabla ibada haijaisha, nikaenda moja kwa moja kijijini. Nilimkuta mama anaanika samaki wake wa omena. Nikapiga magoti pale pale, nikamwambia yote, hata kwamba niliongeza mwendo.

Mikono yake ikatulia juu ya wavu. Halafu akauliza, "Alisema mningoje?"

Nikamwambia ndiyo.

"Otieno, mimi nilikuwa nataka kujua hiyo tu. Ni wewe peke yako ulikuwa na yeye. Miezi yote hii nakungoja uniambie."

Akalia, nami nikalia. Akaniomba niyarudie maneno yale mara nyingi, baba aliyasemaje, sauti yake ilikuwaje, tulikuwa tumefika wapi. Ndugu zangu, kile nilichokificha kama mwizi ndicho mama alichokuwa na njaa nacho! Nilimnyima kwa sababu ya aibu yangu. Hilo linaniuma mpaka leo, sitawadanganya.

Namshukuru Mungu aliyenipeleka. Nakushukuru mama, uko pale nyuma, umevaa vile viatu. Na wewe unayemkwepa mtu wako, usisubiri upate maneno mazuri. Mwamini Bwana, uende hivyo hivyo ulivyo, na uende leo.

Siku hizi naendesha gari kuukuu la kubebea familia. Mnaoelekea Nyalenda baada ya ibada, nikuteni pale nje. Nafasi ipo, na kama kuna mtu bado anasalimiana na wenzake, tutamngoja.