Kikundi cha Jumatano na Ngazi za Jumba Jipya

Baba Askofu mgeni wetu rasmi, Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu wageni waalikwa, wanakwaya mliosimama tangu asubuhi, na ninyi nyote mliopanda mpaka huku juu: Bwana asifiwe.

Nimepewa dakika tano na karatasi. Karatasi hii ameniandikia katibu, ana mwandiko mzuri, Mungu ambariki. Inasema vikundi vya nyumbani vinashukuru kwa kuhamishiwa vyumba vya juu katika jumba hili tunalolizindua leo. Naikunja. Nitasema ya kwangu, na mwenye kukasirika akasirike, mimi nimemtangulia.

Wasionijua, mimi ni fundi cherehani. Mapazia haya mnayoyasifu nimeyashona mimi. Kwa miaka tisa kikundi chetu, watu wanane, kilikutana kila Jumatano saa kumi jioni sebuleni kwa dereva mstaafu wa malori, tunayemwita Mzee Breki kwa sababu hakuna neno la kipuuzi lililowahi kupita mbele yake bila kusimamishwa.

Binti yangu alipofariki, watu walinimwagia mistari ya Biblia mpaka nikawakimbia. Kila aliyekuja alijua Mungu alikuwa na makusudi gani. Mimi mama yake ndiye sikujua. Jumatano ile nikawaambia wenzangu, "Mimi siombi tena. Nimemnunia." Mwalimu wa hesabu akafungua mdomo anijibu. Mzee akamwambia, "Mwalimu, ishia hapo hapo." Kisha akanigeukia: "Nuna, dada fundi. Mungu si mtoto, hatasusa. Zamu yako tutaomba sisi, wewe keti tu."

Niliketi miezi saba. Miezi saba, ndugu zangu! Zamu yangu ikifika, mmoja wao anaomba kwa jina langu, na hakuna aliyeniuliza nitamaliza lini. Siku niliyofungua mdomo tena nilisema "Baba" nikashindwa kuendelea, tukalia wote, na muuza mayai akalia kuliko mimi mwenye msiba. Mnapenda kusema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi marafiki hao ninao, na Mungu wangu nilimpata tena kwao, si mimbarani. Mchungaji, unisamehe.

Haya. Kamati ya ujenzi ikaketi. Vyumba vya chini wakapewa viongozi kuwa ofisi, tena wakawekewa makochi na zulia. Vikundi vikapelekwa ghorofani, ikatoka na amri kwamba ni marufuku kukutana majumbani. Ngazi thelathini na mbili! Nani aliuliza zitapandwa na nani? Na mimi sijitoi, maana kwenye kamati hiyo nilikuwamo. Nilinyoosha mkono kukubali. Nilikuwa nawaza vipimo vya mapazia.

Mzee Breki anatembea kwa magongo mawili. Sisi watu wake tulisahau, kwa sababu miaka tisa tulimkuta ameketi, tukamwacha ameketi. Jumatano yetu ya kwanza huku ghorofani hakuonekana. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Tukasema mzee kasusa kwa kuwa kanyang'anywa kikundi. Nikamtumia salamu. Salamu! Mtu aliyenibeba miezi saba! Na katibu akaandika kwenye daftari, mbele ya jina lake: "Amepoa kiroho."

Amepoa? Juzi mlinzi wa geti aliniita kando. "Mama, yule mzee wenu mbona hamumpandishi?"

"Mzee gani?"

"Huyu wa magongo. Kila Jumatano anakuja, anakaa ngazi ya kwanza, anawasikiliza mkiimba. Mkianza sala ya kufunga anaondoka, ili msimkute."

Kwa hiyo sisi tuko juu tunaomba, "Bwana, mrudishe ndugu yetu," naye yuko chini anasikia anavyoombewa arudi. Aliyepoa hapo ni nani? Jibuni basi. Mbona sasa hamsemi amina?

Asubuhi nimemkuta pale chini, kavaa suti imenyooshwa. Vijana wakajitolea kumbeba. Akakataa: "Nipandishwe kama kabati mbele ya Askofu? Nendeni, spika ya uani inatosha." Sikumlazimisha. Kumbeba mtu siku ya sherehe ni rahisi. Jumatano atabebwa na nani?

Baba Askofu, sikuombi mashine ya kupandishia watu. Naomba viongozi wetu, wenye miguu na afya tele, wapande juu na makochi yao, na vyumba vya chini wapewe vikundi. Mpaka hapo, marufuku hiyo mimi siifuati. Jumatano saa kumi tuko sebuleni kwake. Anayetaka kunitenga na kanisa anajua nyumba yangu ilipo. Asitume barua, aje mwenyewe.

Nawashukuru mafundi waliojenga, wote waliochangia, na wapishi wanaotungoja. Asanteni kwa kunisikiliza, hata ninyi mliokunja nyuso.

Na wewe Mzee Breki, najua unanisikia. Aliyekukosea si kamati peke yake, ni mimi. Usinyanyuke. Nashuka.